Sensori bila kuchomelea: shildi ya V5, Grove, Qwiic au konekta za skrubu, ipi inafaa ukiwa Mtwara au Lindi

Wadau wa kusini habari zenu. Kuna swali linaulizwa sana na vijana wanaosoma umeme na walimu wa sekondari wanaotaka kuanzisha klabu ya sayansi: nina Uno (bodi ya Arduino, kompyuta ndogo unayoiandikia programu), au nina ESP32 (nyingine kama hiyo ila ina waifai), sina pasi ya kuchomelea wala mkono wa kuchomelea, ninunue bodi gani ya kuchomekea ili sensori zangu zikae vizuri?

Wengi wakiulizwa hivyo wanakutajia jina la bodi papo hapo. Mimi nasema anza na waya. Bodi ukishainunua inakaa miaka, kinachopotea ni waya, kinachokatika ni waya, kinacholiwa na chumvi ni kichwa cha waya, na ukiwa Tandahimba au Nachingwea waya wako wa aina ya peke yake ukikatika hupati mwingine mpaka mtu ashuke Kariakoo akununulie na mzigo upande basi. Kwahiyo hapa nalinganisha aina nne za hizi bodi lakini kila moja naiuliza maswali yaleyale, waya wake unapatikana huku? naweza kuutengeneza mwenyewe ukifa? unavumilia hewa ya pwani? Sifa nyingine zinafuata baada ya hapo.

Kwa ambaye ndo anaanza, kazi ya bodi hizi ni ndogo tu lakini inaokoa sana. Uno ya kawaida kwenye safu zake za pembeni ina tundu moja la 5V na matundu matatu ya GND (upande wa minasi). Sensori moja inakaa, ya pili tayari unatafuta pa kuchukulia umeme, ndo hapo watu wanaanza kusokota waya na kufunga solotepu. Bodi ya kuchomekea inakaa juu ya Uno, hapo inaitwa shildi (au ESP32 inakaa juu yake) na inakupa umeme na GND pembeni ya kila pini, basi. Haiongezi akili yoyote, haibadilishi programu yako.

Shildi ya V5, ile yenye G V S

Hii ndo ya bei chee kuliko zote na ndo utaikuta kirahisi. Kila pini ya Uno, kuanzia 0 mpaka 13 za dijitali (za ndiyo au hapana) na A0 mpaka A5 za analogi (za kusoma kiwango), imetolewa kama pini tatu zilizosimama: G ni GND, V ni umeme, S ni signali. Unachomeka waya za jampa zile za kike kwa kike, nafasi ya pini kwa pini ni milimita 2.54, na hizo waya ndo zilezile anazo kila mtu, mwanafunzi wa veta anazo, fundi redio anazo, zikiisha unaweza kuazima kwa jirani. Kwa swali langu la waya hii inashinda bila ubishi.

Ila ina mtego mmoja mkubwa na naomba usome hapa taratibu. Sensori za pini tatu hazina mpangilio mmoja. Moduli moja ya DHT11 (sensori ya joto na unyevu) imeandikwa S halafu umeme katikati halafu minasi, nyingine imeandikwa plasi, out, minasi. Ukichukua waya tatu zilizogandana ukachomeka moja kwa moja bila kusoma maandishi, umeme unaingia kwenye njia ya kutokea na sensori inapata joto unaisikia kwa kidole, ikifika hapo ishaenda. Kwahiyo waya za V5 zitenganishe moja moja, nyekundu iende V, nyeusi iende G, rangi nyingine yoyote iende S, na usiwashe mpaka umesoma maandishi ya pande zote mbili. Kwa mtu mzima makini sio tatizo, kwa darasa la watoto arobaini ni tatizo kila kipindi.

Kingine cha kujua, kuna kijampa kidogo (sio waya, ni kikofia cha kuunganisha pini mbili) kimeandikwa SEL. Kikiwepo, safu ya V ya pini za dijitali inapata 5V ya Uno. Ukikitoa, safu hiyo inasubiri umeme wa nje unaofungwa kwenye konekta ya pembeni, imewekwa kwa ajili ya mota za servo zinazokula umeme mwingi. Watu wanapoteza hicho kijampa halafu wanashangaa sensori zote za dijitali zimekufa wakati za analogi zinasoma. Hazijafa, rudisha kijampa.

Ndugu yake wa ESP32

Siku hizi kazi nyingi zinataka waifai kwahiyo watu wamehamia ESP32, na kuna bodi ya G V S ya kwake pia, unaikandamiza ESP32 juu yake inaingia. Waya ni zilezile za jampa, faida ileile. Lakini usiinunue kabla hujahesabu pini za ESP32 yako. Kuna za pini 30 na kuna za pini 38, bodi ya 30 haipokei ya 38, na baadhi tu ya bodi zina safu mbili zinazokubali zote. Muuzaji atakwambia "inaingia tu kaka", wewe hesabu, kumi na tano kila upande au kumi na tisa kila upande.

La muhimu zaidi ni volti. ESP32 ni mashine ya 3.3V, pini zake hazijatengenezwa kupokea 5V. Bodi nyingi za aina hii zina kijampa cha kuchagua safu ya V itoe 3.3V au 5V, kiweke kwenye 3.3V na ukiache hapo. Sensori ya kupima umbali HC-SR04 kwa mfano, ile watu wanaweka juu ya simtanki kupima maji, inataka 5V na pini yake ya Echo inarudisha 5V, hiyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye ESP32 unaiumiza pini taratibu. Tafuta HC-SR04P inayofanya kazi kwa 3.3V, inafanana nayo kabisa kwa macho, au uweke rizista mbili za kugawa volti, ambazo sasa zinakurudisha kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kujaribia).

Halafu bodi hizi zinakuonyesha pini zote kama vile ziko sawa wakati haziko sawa. Ukiwasha waifai, pini za analogi za kundi la ADC2 (kama 4, 13, 14, 25, 26, 27) haziwezi kusoma analogi tena. Sensori ya unyevu wa udongo iweke kwenye 32 mpaka 39. Na 34, 35, 36 na 39 ni za kupokea tu, huwezi kuwashia taa. Pini 12 ikivutwa juu (ikipewa volti) wakati wa kuwaka ESP32 inaweza kugoma kuanza kabisa. Na kwenye zile za pini 38 utaona 6 mpaka 11 zimetolewa, hizo ni za memori yake yenyewe, usiziguse. Ukiyajua haya bodi hii ni nzuri sana, mimi kwa kazi ya nyumbani ndo chaguo langu.

Grove

Hii ni ya Seeed Studio ya kule Shenzhen, China. Shildi yao ya Uno, Base Shield V2, ina soketi 16: nne za analogi, saba za dijitali, nne za I2C (njia ya signali mbili inayobeba sensori kadhaa kwa pamoja) na moja ya serial. Kila soketi ina pini nne, na waya wake una plagi nyeupe yenye kidole cha kubana, njano na nyeupe ni signali, nyekundu umeme, nyeusi GND, mpangilio huohuo kwenye kila sensori yao. Huwezi kuigeuza kinyume, haiingii. Huwezi kusahau GND. Mtoto wa kidato cha kwanza anachomeka na inasoma.

Kwa mwalimu hii ni nafuu ya kweli, kipindi ni dakika arobaini, ukitumia nusu saa kutafuta nani kageuza waya umebakiwa na dakika kumi za kufundisha. Kama shule yako Masasi au Newala imepata fungu la vifaa, au kuna mhitimu wa zamani anataka kuchangia kitu, mwambie anunue Grove na ahakikishe kifurushi kina waya za akiba nyingi. Nasisitiza waya za akiba kwa sababu nafasi ya pini zake ni milimita 2.0, waya za jampa za kawaida haziingii vizuri, ukilazimisha unapinda pini. Kuna waya za kubadilisha, upande mmoja Grove upande mwingine jampa za kike, agiza na hizo, ndo zitakuwezesha kutumia sensori za bei chee kwenye soketi hizi.

Mtego wake uko kwenye soketi za dijitali. Kila soketi inabeba pini mbili, iliyoandikwa D2 ina pini 2 na 3, iliyoandikwa D3 ina pini 3 na 4, kwahiyo majirani wanachangia. Sensori nyingi zinatumia pini moja tu hivyo hutaona kitu, ila ukiweka kifaa kinachotumia zote mbili, kile cha jirani yake kitaanza kutoa namba za ajabu na utalaumu sensori bure. Ruka soketi moja. Pia ina swichi ya 3.3V na 5V, kwa Uno ya kawaida na sensori nyingi 5V ni sawa.

Bei yake ndo inauma. Sensori ileile ya Grove ni ghali mara kadhaa kuliko moduli ya kawaida, na shildi yenyewe ni hivyohivyo. Kwa kijana anayejifunza kwa hela yake ya mfukoni siwezi kumshauri.

Qwiic na STEMMA QT

Kampuni ya SparkFun walileta Qwiic mwaka 2017, wenzao wa Adafruit wana STEMMA QT, plagi ni moja zinaingiliana. Ni plagi ndogo sana, milimita 1.0 kati ya pini na pini, waya nne: nyeusi GND, nyekundu 3.3V, bluu SDA (data), njano SCL (mapigo ya saa). Hapa ni I2C peke yake, hakuna analogi wala dijitali ya kawaida. Sensori nyingi zina soketi mbili kwahiyo unaunga ya kwanza kwenye ya pili, ya pili kwenye ya tatu, zinafuatana kama mabehewa. Ni safi, hakuna msitu wa waya, kazi inaonekana ya kiwandani. Uno R4 WiFi iliyotoka 2023 inayo soketi ya Qwiic juu yake kabisa, huhitaji hata shildi, ila kwenye programu utaandika Wire1 badala ya Wire, la sivyo utatafuta sensori mpaka jioni.

Kuna mambo mawili yanaifanya isiwe ya kila mtu. La kwanza anwani. Kwenye I2C kila sensori ina namba yake, na sensori mbili zenye namba moja zinagongana. BME280 (sensori ya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa) ina 0x76 au 0x77 basi, SHT31 (ya joto na unyevu) ina 0x44 au 0x45 basi, yaani za aina moja unaweka mbili, ya tatu unahitaji kigawanyio cha TCA9548A chenye njia nane. La pili urefu. I2C ilibuniwa kwa waya fupi, ndani ya boksi moja, ukishaanza kuvuka mita moja unaanza kubahatisha. Anayetaka kupima kona nne za ghala asiende huku.

Na lile swali langu la waya, hapa ndo Qwiic inaanguka huku kwetu. Plagi ya milimita moja huwezi kuitengeneza kwa mkono, na ikikatika hakuna mtu mtaani wa kuazima. Ukiipenda nunua waya mara mbili ya sensori ulizonazo.

Konekta za skrubu

Hizi watu wanazidharau kwa sababu hazina rangi wala jina kubwa. Ni bodi unayoipandisha juu ya Uno, au unayoikalishia ESP32 (za pini 30 na 38 pia, hesabu tena), na kila pini inaishia kwenye konekta ya skrubu kama zile za mafundi umeme wa nyumba. Unamenya waya, unaingiza, unakaza na bisibisi ndogo.

Waya wake ni upi? Wowote. Waya wa simu ya mezani wa zamani, waya wa intaneti wa Cat5 wenye nyuzi nane, waya wa spika. Ukikatika unamenya tena sentimita moja unarudisha. Kwa mtu wa Liwale au Nanyamba hii ina maana kubwa kuliko sifa nyingine zote. Haichomoki pikipiki ikikimbia nayo barabara ya vumbi, haichomoki panya akipita. Kasoro zake: haikupi V na G pembeni ya kila pini, konekta za 5V na GND ni chache, kwahiyo unahitaji kipande cha konekta ya pembeni cha kugawia umeme. Na ni polepole kubadilisha, kwa kujaribu jaribu inachosha. Jaribu kwa V5, ukishajua kinachofanya kazi hamishia kwenye skrubu.

Inafaa sana na DS18B20, ile sensori ya joto iliyofungwa kwenye kichuma kisichopitisha maji, maana kila moja ina namba yake ya kuzaliwa nayo kwahiyo unaweka kadhaa kwenye waya mmoja na pini moja. Inahitaji rizista moja ya kilo-ohm 4.7 kati ya signali na umeme, na rizista hiyo unaibana kwenye skrubu hizohizo pamoja na waya. Hakuna lehemu hata tone.

Bredibodi siiweki kwenye mashindano haya. Ni nzuri mezani, lakini vishikio vyake vinalegea na kitu kilichofungwa kwenye bredibodi hakikai wiki nje ya chumba.

Chumvi na salfa

Hapa ndo ushauri wa mtandaoni wa watu wa bara haututoshi. Ukiwa Shangani, Mikindani, Msimbati au pale Lindi mjini karibu na maji, hewa inabeba chumvi, na chumvi inanyonya unyevu hata siku isiyo na mvua. Vichwa vya waya za jampa ni bati jembamba limebanwa tu kwa nguvu ndogo, baada ya muda unaona kutu ya kijani na usomaji unaanza kuruka ruka, mara namba nzuri mara hakuna kitu. Ukitikisa waya inarudi. Plagi ya Grove inabana zaidi kidogo, Qwiic iko ndani zaidi lakini ni ndogo mno hivyo kutu kidogo tu inatosha. Skrubu inavumilia kuliko zote kwa sababu unaikaza tena.

Kwa wenye mikorosho kuna jambo la pili. Msimu wa kupulizia, vumbi la salfa linaingia kila mahali, na salfa na shaba hazipatani, shaba inakuwa nyeusi na njia ya umeme inazibika, ikichanganyika na unyevu ndo mbaya zaidi. Kama kifaa chako kiko shambani miezi hiyo kifunge ndani ya boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia, waya zitokee chini sio juu, na tundu la waya lizibe. Bodi ya sensori unaweza kuipaka rangi ya kucha kukinga njia zake, ila usiguse kile kitundu cha kupumulia cha BME280 au matundu ya DHT22, ukiyaziba umeua kipimo cha unyevu.

Na hilo neno "bila kuchomelea"

Moduli nyingi za bei chee, BME280 hasa, zinakuja na pini zake pembeni ndani ya kamfuko, hazijashikizwa. Bodi yako ya kuchomekea haitakusaidia kitu, lazima mtu achomelee. Kuziingiza tu kwenye matundu na kuziegemeza haishiki, inasoma ukiwa unaishika inaacha ukiachia. Raspberry Pi Pico nayo iko hivyo, ya kawaida haina pini, inayokuja na pini inaitwa Pico H. Fundi simu yeyote mjini atakuchomelea pini nne kwa dakika chache, sio dhambi, lakini kama uko mbali agiza iliyochomelewa tayari.

Sasa uchague

Unajifunza mwenyewe na hela ni ya kuunga unga: Uno na V5, waya za jampa furushi moja, DHT11, sensori ya unyevu wa udongo ile ya kapasita (ile ya meno mawili ya chuma wazi inaliwa na udongo haraka), basi umeanza.

Mwalimu mwenye darasa: Grove, na waya za akiba, bila kufikiria mara mbili kama fungu lipo. Kama fungu halipo chukua V5 na upake rangi mwenyewe kwenye kila moduli, nyekundu upande wa umeme na nyeusi upande wa GND, kabla watoto hawajaingia.

Unataka kituo kidogo cha hali ya hewa cha dirishani chenye BME280, kipima mwanga BH1750 na kioo cha OLED, vyote ndani ya boksi moja: Qwiic ni tamu, anwani zao hazigongani (0x76 au 0x77, 0x23, 0x3C).

Banda la vifaranga, simtanki, ghala la korosho, kitu chochote cha kukaa msimu mzima bila wewe kukiangalia: ESP32 kwenye bodi ya skrubu, DS18B20 kwa waya wa Cat5 kwenda kona za ghala, na SHT31 moja katikati kwa waya mfupi kwa ajili ya unyevu. Grove hapo ni kupoteza hela na V5 itakusumbua mvua zikianza Desemba.

Ukiagiza kwa basi muulize muuzaji mambo haya kabla hujatuma hela: ESP32 ni ya pini 30 au 38, na bodi yake je, moduli za sensori zina pini zilizochomelewa, na waya ni za kike kwa kike au kiume kwa kike. Mwambie akupigie picha ya bodi na sensori upande wenye maandishi kabla hajafunga mzigo.